Mipira ya Siku Mbili

Gari liliingia gereji madirisha yote yakiwa wazi, na mama aliyekuwa akiliendesha hakutaka habari za breki wala taa. Alitaka kujua kama ubaridi unaweza kudumu siku mbili bila kukatika, hata gari likisimama.

Fundi aliyeulizwa swali hilo wenzake walimwita Barafu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutengeneza mipira ya AC, yale mabomba laini ya kupitishia gesi ya ubaridi, kwa magari yaliyobadilishwa injini. Ukipandikiza injini ya gari hili kwenye gari lile, kila kitu hulazimishwa mpaka kikubali, isipokuwa AC. Kompresa, ile pampu ya gesi, huangukia upande usio wake na mipira ya kiwandani haifiki. Hapo ndipo watu huuliza Barafu yuko wapi. Gari lake mwenyewe halikuwa na hata feni, na wenzake hawakuchoka kumkumbusha kwamba kinyozi hajinyoi.

Akafungua boneti. Injini ya lori ilikuwa imebanwa ndani ya gari la abiria, kompresa imehamia kushoto, mipira ya zamani inaning'inia bila mwenyewe. Akasema inawezekana. Lakini siku mbili za nini?

"Namsafirisha mzee wangu kwao," alisema mama, akizungusha pete kidoleni.

Barafu akaliona upya gauni jeusi alilovaa mama. Akajifuta mikono, akampa pole. Mama akaipokea kwa kuinamisha kichwa. Alipoulizwa ni lini, akajibu, "Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Barafu akahesabu kimoyomoyo tangu Ijumaa iliyopita: siku nne tayari.

"Sitaki afike ameharibika, fundi. Ndugu zake watataka kumfunua uso."

Maneno hayo yalimchoma palepale palipokuwa na kidonda. Miaka mitatu nyuma, Barafu alimsafirisha mkewe katika gari la kukodi, nalo lilikuwa la injini ya kupandikiza. Mpira wa AC ulipasuka katikati ya safari, jua la utosi. Walipofika, mama mkwe alilikumbatia jeneza akiomba aonyeshwe mwanawe japo kidogo, na Barafu ndiye aliyelazimika kumwambia haiwezekani. Tangu siku hiyo mama mkwe hajamsemesha. Tangu siku hiyo pia Barafu aliacha kazi nyingine zote, akashika hii.

Kwa hiyo aliyaweka kando magari ya watu waliotangulia. Alipima njia ya kila mpira kwa waya, akaipitisha mbali na bomba la moshi, akabana vichwa vya chuma kwa mashine, kisha akaijaza mipira upepo na kuizamisha kwenye beseni la maji. Mmoja ulitoa kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Mwingine angesema si neno. Yeye aliukata, akaanza upya.

Jumatano mama alikuja tena, na Alhamisi pia. Aliketi juu ya tairi akiuliza mambo yake taratibu: gari likikwama je, gesi ikipungua ataonaje, pembeni kunapoa kama katikati? Barafu alimjibu kila swali. Aliwahi kuona kwamba mfiwa hushika kitu kidogo na kukikazania, asije akazama katika kile kikubwa. Mama aliomba viti vya nyuma ving'olewe na pawekwe ubao. Akatoa kipande cha kamba chenye fundo, akasema huo ndio urefu wake. Barafu alipomwazia akimpima mumewe peke yake, aliikunja ile kamba taratibu, akaitia mfukoni.

Akajikuta anamsimulia habari ya mkewe, habari ambayo hata wenzake wa gereji hawakuijua vizuri. Alimweleza mpaka mikono ya mama mkwe juu ya jeneza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mkono begani.

"Wangu atafika salama," alisema. "Kwa mikono yako."

Usiku ule Barafu alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miaka mitatu.

Ijumaa asubuhi mama hakuja. Alikuja mwanamume wa makamo, shati wazi vifungo viwili kwa joto, akasema ametumwa kuchukua gari kwa sababu mama ameshikwa na mapishi. Barafu alimdhania shemeji wa mama yule. Akamshika mkono kwa mikono miwili, macho chini, kama mtu anavyomshika mfiwa. Yule bwana akashangaa kidogo, lakini hakuutoa mkono wake.

Barafu akawasha injini, akafungulia AC. Baada ya dakika chache kioo cha mbele kiliingia ukungu. Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazunguka nyuma, akafungua mlango na kuuona ubao. Akauliza viti vimekwenda wapi.

Neno maiti lilikuwa zito mbele ya ndugu wa damu. Barafu akashusha sauti.

"Mama alitaka mzee apate pa kulala. Safari ni ndefu."

Bwana akacheka mpaka mabega yakamtikisika. Akavua viatu, akapanda, akajinyoosha chali juu ya ubao, mikono kifuani, ubaridi ukimpiga usoni.

"Mke wangu ananidekeza kama mtoto," alisema, akifumba macho. "Tazama, fundi. Amenipatia sawasawa."