Doa la Shaweji

Kila chumba cha kulala sasa lazima kiwe na pazia la plastiki yenye vitundu visivyoonekana, linywe hewa chafu tunayotoa. Likijaa huwa zito, na mchukuaji wa mtaa hulipeleka kupashwa moto mpaka litoe yote. La kwetu lilikuwa na doa la kahawia. Mume wangu Shaweji alipougua alivutishwa mvuke wa iodini, na pumzi yake ikalitia rangi pale kichwa chake kilipolala.

Matanga hayajaisha, wifi yangu Zamda akaja na mchukuaji.

"Litoe hilo. Sumu."

"Wifi, niachie hata wiki hii."

"Wewe ulimwachia nini kaka yangu? Ulimlaza ubavuni mwa pazia, likamnywa mpaka akaisha."

"Mwenyewe ndiye aliyetaka upande ule."

"Maiti hajibu, ndiyo maana unamsemea."

Nikamwomba mchukuaji anikatie kipande chenye doa tu.

"Mkatie," Zamda akacheka. "Akakifuge."

Mchukuaji akalikunja zima, hakunitazama. Alitundika jipya, jeupe pande zote. Zamda akavua viatu, akajilaza upande wa Shaweji.

"Nalala hapa mpaka eda yako iishe," alisema. "Nikuone unavyolia."

Nilijilaza upande wangu, nikampa mgongo. Alfajiri, kabla hajaamka, nilinyoosha mkono nikaligusa pazia jipya pale la zamani lilipokuwa na doa, kando ya kichwa chake. Lilikuwa limeshaanza kuwa zito.