Dakika Mbili za Annapolis

"Futa hii," alisema Bibi, na kalamu yake nyekundu ikapita juu ya sentensi ambayo Euphrasia aliipenda kuliko zote katika hotuba yake. "Eti nawaomba kwa unyenyekevu! Usiwasihi. Waambie."

"Kwetu mkubwa huombwa, Bibi."

"Hawa si wakubwa. Hawa tumewapigia kura."

Euphrasia akacheka, akapiga magoti kumfunga kamba za viatu. Alikuwa akimtunza ajuza huyu wa Kimarekani hapo Wheaton mwaka wa pili sasa, na hajawahi kumshinda kwa maneno.

Leo bunge la jimbo, huko Annapolis, lilikuwa linasikiliza wananchi kuhusu muswada wa shule, kila mtu dakika mbili. Muswada ukipita, mzazi atampeleka mtoto shule yoyote ya umma anayoitaka, hata ya kaunti nyingine. Na shule aliyoitaka Euphrasia kwa ajili ya Ethan wake ilikuwa mtaa wa pili tu kutoka kwao Beltsville. Tatizo, mtaa wa pili ulikuwa kaunti nyingine.

Simu ikalia. Akaiweka spika, mikono ikiendelea na viatu. Alikuwa Chelagat, mwenyekiti wa kikundi chao cha wazazi.

"Mama Ethan! Basi imetoka. Uko wapi?"

"Nakuja na gari. Namvisha Bibi."

"Wee! Si umwache huyo nyanya kwa nyumba, siku moja tu?"

"Nimwache na nani? Hata viatu hawezi kuvaa mwenyewe."

"Haya. Lakini sikiza nikupe tamu. Nasikia Whitlock haji!"

Euphrasia aliinyakua simu, akaitoa spika, akaibana sikioni.

Whitlock! Miaka miwili mfululizo muswada uliingia kwenye kikao kile ukiwa mzima wa afya, na miaka miwili Whitlock akazungumza wa mwisho, akauzika.

"Asipotokea tumeshinda," Chelagat alisema. "Omba apate pancha huko njiani."

"Mungu hapokei maombi ya pancha, Chelagat."

"Jaribu tu!"

Simu ilikatika. Kiatu cha pili kilichukua muda mrefu kuliko cha kwanza.

Garini Bibi alipakata faili lake kama kuku aliyeatamia. Walikuwa wameshaingia barabara kuu ndipo aliposema, "Ungeweza kuniacha leo. Nisingekulaumu."

"Mkanda umekubana, Bibi?"

"Haujanibana. Haya, tangu mwanzo. Anza na mtoto, sheria watajisomea wenyewe."

Euphrasia akaanza na mtoto. Akakosea, akarudia. Walipofika Annapolis alikuwa anaisema yote bila kutazama karatasi, hata mahali pa kumeza mate alipajua.

Bibi alitaka kukaa koridoni, karibu na hita. Euphrasia akafunga breki za kiti cha magurudumu, akampa pipi ya koo, akaingia.

"Ethan ana miaka saba," aliwaambia wabunge. "Asubuhi, akisimama dirishani kwetu, anasikia kengele ya shule. Halafu anapanda basi dakika arobaini kwenda nyingine."

Mbunge mmoja akaweka simu yake chini. Mwingine akavua miwani. Dakika mbili zilipokwisha, alishukuru akarudi kitini.

"Umewamaliza!" Chelagat alimkumbatia alipoketi. "Nani alikufundisha kuongea hivyo?"

Kabla hajajibu, mwenyekiti wa kikao alisogeza orodha.

"Shahidi wa mwisho. Cheryl Whitlock, mwalimu mstaafu. Anapinga."

Vichwa vikageuka. Hakuna aliyesogea.

"Cheryl Whitlock?"

Chelagat aliminya mkono wa Euphrasia mpaka pete ikamuumiza. "Pancha!" alinong'ona. "Mungu yupo!"

"Nitaita mara ya tatu, kisha tunafunga," alisema mwenyekiti.

Euphrasia akainuka.

"Unaenda wapi sasa? Kaa uone tukishinda!"

"Namtazama Bibi."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Ukafunguka tena. Akakisukuma kile kiti cha magurudumu katikati ya ukumbi, moja kwa moja hadi kwenye kipaza sauti, akakishusha kipaza hicho mpaka kikalingana na mdomo wa ajuza. Akamfungulia faili ukurasa wa kwanza.

"Usiwasihi, Bibi," alimnong'oneza. "Waambie."