Hodi Kwenye Kompyuta ya Kobe

Zamani za juzijuzi wanyama walikuwa na ofisi, na karani wao alikuwa Kobe, mzee mwenye adabu nyingi asiyependa kubadilishiwa kitu. Kompyuta yake ilipowekewa mfumo mpya, alinuna.

"Nirudishie ule wa zamani," alimwambia Kima, fundi wa ofisi.

"Utauzoea tu, mzee. Ule wa zamani sasa ni mahame. Hauna mlinzi, na anayekaa humo hatumjui."

"Nyumba yangu naijua mwenyewe."

Kima akaurudisha, akaenda zake. Kobe akakuta kila kitu mahali pake, roho ikamtulia. Mara kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye kioo, na maneno yakajiandika polepole: "Hodi, mwenye nyumba."

Akaingiza kichwa gambani. Lakini tangu azaliwe Kobe hakuwahi kuacha hodi bila jibu. Akaandika: "Karibu."

Kesho yake Kima alikuta gamba tu juu ya kiti. Akaligonga taratibu.

"Hodi, mzee Kobe."

"Karibu," ikajibu sauti ngeni kutoka ndani. "Mwenyewe amehama. Utatuzoea tu."