Komeo la Nje

Fundi Shomvi alikuwa amekaza skrubu ya pili ya komeo, upande wa nje wa mlango, alipochungulia ndani ya stoo. Aliona godoro dogo, ndoo yenye mfuniko na mdoli wa kitambaa. Aliyekuwa akimpa skrubu mojamoja ni Mwanaidi, msichana wa miaka tisa asiyesema.

"Mama Saumu, humu si mnaweka mkaa?"

"Mkaa tumeuhamisha." Mama aliendelea kuchambua mchele. "Kesho wanaleta posa ya Saumu. Wakimwona mdogo wake watasema ukoo wetu una ugonjwa. Ni siku moja tu."

"Na siku ya harusi?"

"Na siku ya harusi."

"Na Saumu akijifungua, wakwe wakija?"

"Wewe fundi wa milango au mshenga?" Kisha sauti yake ikashuka. "Miaka tisa sijaenda hata msibani, kaka. Nimwachie nani?"

Shomvi aligeukia mlango. Alilijaribu komeo; likaingia kwa mlio mkali. Mwanaidi akacheka, akamshika mkono alirudie. Akalirudia mara tatu, kisha akaweka bisibisi mfukoni.

"Bado skrubu mbili. Nitamalizia kesho."

"Uje mapema, kabla ya wageni."

Alipofika kizingitini aligeuka. Mwanaidi alikuwa ameingia stoo mwenyewe, akauvuta mlango, akatulia humo gizani akingoja kuusikia ule mlio. Mama akauweka ungo chini, akasimama.