Kikombe cha Karoti

Daktari aliigeuza mikono ya Mama, akavitazama viganja, kisha akamgeukia Binti.

"Ile juisi ya karoti anakunywa kweli?"

"Kila siku, daktari. Nakuna mwenyewe."

"Mtu akinywa nyingi hivyo, ngozi inashika rangi. Viganja, nyayo. Rangi ya karoti haichagui pa kuingia, hata zile seli za saratani zinaifyonza. Maabarani tunaziona."

"Zikifyonza zinakufa?"

"Hapo bado tunabishana. Juisi ni chakula tu, dada, tiba ni hii dripu. Lakini huyu hajanywa."

Mama alitazama dirishani kama anayesemwa ni mtu mwingine.

Njia nzima ya kurudi Binti aliviwaza vile vikombe. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kufua mashuka ya nyumba ya wageni, alikuna karoti mpaka vidole vikafa ganzi, akachuja, akaacha kikombe juu ya stuli ya Mama. Jioni alikikuta kitupu. Kumbe kilikuwa kinamwagwa? Na mgonjwa anayemwaga kikombe chake kimyakimya, si ndiye aliyekwishakata tamaa?

Baba walimkuta kibarazani anapaka rangi viatu vya watu, mikono imekuwa kahawia mpaka kwenye viwiko.

"Mmerudi? Maji ya sungura yanawasubiri," alisema. "Mnyweshe tu mama yako. Siku masikio yakirefuka tutamhamishia bandani."

Utani wake ulikuwa huo huo tangu ugonjwa uingie nyumbani. Hospitali yenyewe hakutaka kuisikia. Mama alishamsihi akapimwe naye, hata presha tu, akagoma katakata: mgonjwa mmoja anatosha, wote wakilala nani atashona viatu?

"Halafu siku hizi amenigeuza mtoto," aliendelea. "Kila jioni ananikanda mgongo. Mgonjwa anamkanda mzima. Nimedeka utadhani bwana harusi."

Mama alicheka kidogo, akaingia ndani.

Kesho yake Binti aliomba ruhusa kazini, akarudi mchana bila kubisha hodi. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, shati mwilini, miguu imetokeza nje. Nyayo zake zilikuwa za manjano iliyoiva, kama mtu aliyeshinda anakanyaga karoti. Mikononi rangi ya viatu ilikuwa imeficha kila kitu. Miguuni hakukuwa na cha kuficha. Kando yake kikombe, kitupu.

Binti alisikia uchovu wa miezi yote ukimpanda kwa pamoja.

"Kumbe anakunyang'anya."

"Nampa mwenyewe," alisema Mama kutoka kwenye stuli. "Namwambia inanitia kichefuchefu, anisaidie kuimaliza usije ukaumia roho. Anakunywa huku ananung'unika, maskini. Anadhani ananitunzia siri."

"Kwa hiyo umechoka, Mama. Umeamua."

"Nimechoka, ndiyo. Punguza sauti, utamwamsha."

"Basi niambie. Hizo karoti namkunia nani?"

Mama aliteremka kwenye stuli, akapiga magoti kwa shida pembeni ya mkeka, akamvuta Binti naye apige. Akavishika vidole vyake, akaviingiza chini ya shati la Baba, akavipandisha taratibu mpaka chini ya bega, pale ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, akaviacha juu ya kitu kigumu, kisichosogea, kama kokwa.