Bangili ya Siwema

Tangu serikali ilipowavisha watu bangili za kupima miaka ya afya waliyopoteza, zamu za wake wenza hazikuwa tena sawa kwa sawa. Mume alilala kwa aliyepoteza mingi. Bangili ya Mwanahawa, mke mdogo mwenye pumu, iliwaka nyekundu, na Kombo, mume wao, akahamia kwake na mto wake. Siwema, mke mkubwa, uzima ulimponza.

Wivu ukamshika. Akafunga madirisha ya jiko, akachochea kuni mbichi, akavuta moshi siku baada ya siku, hadi bangili yake ikawaka kuishinda ya mwenziwe.

Jioni Kombo akabisha hodi, mto kwapani.

“Pole, mke wangu. Kifua kimeanza lini?”

“Karibu ndani,” Siwema akacheka, akikohoa.

Ndipo akasikia, kutoka jiko la pili, Mwanahawa naye akifunga madirisha.