Mpasuko wa Bawa

Bawa la kumbikumbi lililochapwa karatasini lilienea ukuta mzima wa ukumbi wa maonyesho, refu kuliko mlango. Siwema ndiye aliyelichonga kwenye ubao kwa miezi minne, magoti chini, akigeuza kila mshipa kinyume ili karatasini utoke sawa. Mwenzake wa karakana, Mbaruku, alipaka wino tu na kukandamiza karatasi. Lakini chini ya picha palikuwa na jina moja, nalo lilikuwa la Mbaruku.

"Na huu mpasuko pembeni?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kisu kiliniteleza," Mbaruku alijibu. "Nikauacha." Kisha akamwona Siwema. "Huyu dada hunisaidia kufagia."

Siwema alisogea kwenye picha. Alitoa kiberiti mkobani, akakifungua. Ndani mlikuwa na bawa lenyewe, aliloliokota kizingitini kwake baada ya mvua, limepasuka palepale kama kwenye picha. Alilamba ncha ya kidole, akalibandika ukutani kando ya lile jina.

Mgeni aliinama kulitazama, akainua macho kwenye picha, akainama tena. Bawa likawa linatikisika kwa pumzi za mgeni, lakini halikudondoka.